Mwenza Asiyekufa

Jina la nchi yetu sitalitaja. Si kwamba naogopa. Naogopa, ndiyo, lakini sababu yenyewe ni kwamba jina hubadilishwa kila Mlezi Mkuu anapoota ndoto nzuri, na sitaki msomaji aende kulitafuta kwenye ramani, alikose, halafu aje kuniita mwongo. Mimi niiteni Mama Shani. Nakaa mtaa wa Machimboni, chumba cha uani, katika nyumba ambayo mimi na marehemu mume wangu tuliijenga. Kodi ya chumba hicho nailipa kwa Serikali. Naipenda sana Serikali yangu, na yeyote anayesoma maneno haya kwa niaba yake naomba aandike hivyo mahali.

Nilikuwaje mpangaji katika nyumba niliyoipaka chokaa kwa mikono yangu? Ni kwa ajili ya upendo. Mwaka ule Mlezi Mkuu alisimama uwanjani akatuambia amekosa usingizi kwa kutufikiria. Ametuona kila mmoja na kiwanja chake, mpweke, hana mwenza, na moyo umemuuma.

"Ndugu wananchi," alisema, "kuanzia leo hakuna raia atakayemiliki ardhi peke yake. Kila hati itakuwa na majina mawili, lako na la Serikali. Na msije mkaniuliza habari za mafungu, sijui huyu kipande hiki na yule kipande kile. Mtamiliki kama mwili mmoja, wote kwa chote. Mmoja akifa, mwenzake aliyebaki atachukua nyumba nzima, bila mirathi, bila makelele ya mashemeji."

Tulipiga makofi. Fundi baiskeli mmoja mzee, nadhani alikuwa hajanywa chai, akanyoosha mkono akauliza, "Na ikitangulia kufa Serikali?"

Mlezi Mkuu alitabasamu kwa huruma. "Sheria haina upendeleo, mzee wangu. Ikitangulia Serikali, chote ni chako."

Makofi yakazidi. Tulirudi majumbani tukijiona watu wenye bahati. Ni baadaye, tulipoanza kuzika, ndipo tulipogundua kwamba mwenzetu huyu haugui, hapandi pikipiki na hali viporo. Mume wangu alipofariki, mimi sikuwamo kwenye hati. Hati ina nafasi ya majina mawili tu, na ya pili ilikuwa imeshachukuliwa.

*

Serikali yenye upendo haiwezi kukaa tu ikingoja mwenzake afe. Inamjali. Ndiyo maana kila mtaa una Ofisi ya Kujulia Hali, na ya kwetu inaongozwa na Bwana Ngwali, mtu mnene, mpole, mwenye sauti ya kubembeleza. Akisikia unaumwa hata mafua, huyo anafika. Mkono mmoja mfuko wa machungwa, mkono mwingine futi ya chuma, ile ya mafundi inayojikunja yenyewe. Anakaa kitandani kwako, anakumenyea chungwa, anakuambia, "Pole sana, mwenzangu." Ukiwa unatafuna, anaanza kupima. Anapima chumba, sebule, upana wa dirisha. Anagongagonga ukuta kwa kidole. "Ukuta huu umeshika maji," anasema, "ungeuangalia." Halafu anakuombea afya njema na kuondoka, na baada ya hapo mgonjwa hapati tena nafuu.

Kwa hiyo Machimboni hatuugui. Tuna dawa yetu. Mtu akishikwa na kikohozi, jirani wa karibu anakimbilia kinu chake na kuanza kutwanga, ili kikohozi kisifike barabarani. Akichoka, wa pili anapokea. Siku za baridi mtaa mzima unadunda asubuhi mpaka jioni, na ndani ya vinu hamna hata punje. Bwana Ngwali aliwahi kuandika makao makuu kwamba Machimboni kuna neema ya nafaka isiyo kifani, na tukaongezewa ushuru.

Niliahidi nafsi yangu nitasimulia kwa adabu. Lakini nina hasira, na ni bora niseme mapema. Nimetwanga kinu kitupu mpaka mabega yakaota sugu, ili mwanamke wa nyumba ya pili afe akidhaniwa mzima.

*

Mwanamke huyo ni Bi. Asumini. Alikuwa mponda kokoto. Tangu ujana alikaa chini ya jua pale kwenye machimbo ya mawe, nyundo mkononi, akivunja mawe kuwa kokoto za kuuza, na kila jioni alirudi na karai moja ambalo hakuliuza. Makarai hayo ndiyo msingi wa nyumba yake na ndiyo sakafu yake. Vumbi lililobaki lilikwenda kifuani. Alikuwa na binti mmoja, Tabu, mwenye watoto watatu na mume aliyekwenda mjini kutafuta kazi akapata mke. Nyumba ile ikichukuliwa, Tabu na wanawe hawana pa kulaza ubavu. Hilo Bi. Asumini alikuwa nalo kichwani kuliko hata kile kifua.

Kwanza alitaka kuandika wasia. Alimuuliza Bwana Ngwali kwa mzunguko, kama mtu anayeulizia jirani. Bwana Ngwali akacheka kwa upole.

"Bibi yangu, wasia huanza kusema mtu akishakufa. Na akishakufa, nyumba imeshahamia kwa mwenzake palepale, kabla hata hajafungwa kidevu. Sasa wasia utagawa nini?"

Huo ndio ukweli wa sheria yenyewe, na hapo sina la kumlaumu. Mtu wa kulaumu ni yule aliyeitunga.

Aliyepata njia ni Tabu. Yeye alikuwa akiuza karanga za kukaanga, na karanga zetu hufungwa katika kurasa za Gazeti la Serikali, kwa kuwa ndiyo karatasi ya bei nafuu na haijapata kusomwa. Siku moja alikuwa akikunja pakiti, akaona maandishi, akayasoma, akaacha karanga ziungue. Alikuja mbio kwetu. Kifungu kilisema hivi: mwenza aliye hai anaweza kuutenganisha mwili, kila mmoja akabaki na nusu yake ya kumwachia amtakaye, kwa kumpelekea mwenzake notisi. Na notisi itahesabiwa imefika ikitiwa mkononi mwa mwenza huyo, au ikiachwa nyumbani anapoishi.

"Nusu," alisema Bi. Asumini.

"Nusu, mama. Vyumba viwili na uani."

"Panatosha." Akakohoa, nami nikakimbilia kinu.

*

Tuliandika notisi fupi. "Mimi, Asumini, nataka changu kiwe changu na chako kiwe chako." Kazi ikawa kumpata mwenyewe wa kupelekewa.

Tulikwenda ofisi ya kata, sisi watatu, Bi. Asumini katikati, tumemshika mikono kama bibi harusi asije akayumba. Mtendaji wa kata alikuwa ndiye yuleyule aliyekuja sokoni mwezi uliopita, akamwaga mkaa wa watu na kusema, "Serikali ndiyo mimi hapa." Tulipomnyooshea bahasha alirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta.

"Mimi? Mimi ni mtumishi tu, mama. Serikali iko wilayani."

Wilayani tukaambiwa iko mkoani. Mkoani bwana mkubwa alipoisikia habari yetu mlangoni alitia mikono yote miwili mfukoni na akaongea nasi hivyohivyo, mpaka alipopigiwa simu na simu ikalia ikakatika. Hakuna aliyetaka kuwa Serikali siku hiyo. Wanakuwa Serikali wakitaka kuku wako. Ukitaka kuwapa karatasi wanakuwa watumishi, yatima kabisa, hawana uwezo wowote, masikini.

Tukafika kwa Waziri wa Ardhi na Upendo, Mheshimiwa Lupogo. Bahati yetu, au tuseme bahati mbaya yake, siku hiyo alikuwa na watu wa redio. Alitaka kuonekana anavyowasikiliza wanyonge, ndipo tukaingizwa. Alikunja mikono kifuani mapema, alikuwa ameshaonywa.

"Mheshimiwa," alisema Bi. Asumini, "nina barua ya Serikali. Mkononi hakuna anayeipokea. Naomba tu nijue Serikali inaishi wapi, nikaiache nyumbani kwake."

Waziri aliwatazama watu wa redio, akakohoa kidogo kuweka sauti sawa, akatoa hotuba.

"Mama yangu mpenzi. Swali lako linanisikitisha, maana linaonyesha bado hujaelewa ukubwa wa upendo huu. Wewe na Serikali ni mwili mmoja. Je, mwili mmoja unaweza kulala nyumba mbili? Hauwezi. Serikali inaishi kwako. Inaishi chini ya bati lako, inalala kwenye mkeka wako, inaamka na wewe. Nenda nyumbani ukaishi nayo vizuri."

Wasaidizi wake walicheka sana. Jioni hotuba ikarushwa nchi nzima, na ikarudiwa asubuhi kwa maombi ya Waziri mwenyewe.

Bi. Asumini hakucheka wala hakulia. Alishukuru kwa heshima zote. Tulipofika nje akasema, "Mmesikia anapoishi?"

*

Kesho yake alituita majirani tukasimame mbele ya nyumba yake. Alivaa kanga mpya. Aliufunga mlango kwa nje, akabisha.

"Hodi, Serikali."

Kimya.

"Hodi tena. Kuna barua yako."

Kimya. Akainama taratibu, akaisukuma bahasha chini ya mlango mpaka ikaingia yote. Akapumzika kidogo kwenye baraza. Kisha akafungua mlango, akairuka ile bahasha palepale sakafuni, akaenda kulala.

"Nisiiokote, mama?" Tabu aliuliza.

"Ya kwako hiyo? Iache ilipo. Sheria imesema ifike. Haikusema isomwe."

Ikabaki pale. Wajukuu walifundishwa kuiruka. Hazikupita siku nyingi Bi. Asumini akafariki, mchana, tukiwa tunatwanga. Tabu alitoka akasimama uani akatuambia, "Acheni sasa." Tuliacha, na mtaa ukawa kimya hata kuku tuliwasikia.

Kabla maji ya kuoshea hayajachemka, Bwana Ngwali alikuwa ameshafika na mkeka wake. Kwa desturi yetu Serikali ndiyo mfiwa mkuu, kwa kuwa ndiyo mwenza wa marehemu, na afisa huja kukaa msibani kwa niaba yake. Alilia vizuri. Alilia kuliko Tabu, tena kwa maneno: "Umeniacha na nani, mwenzangu, umeniacha na nani na nyumba yote hii." Tuliporudi kutoka makaburini alikuwa amepanda kiti anapima dari.

"Binti," alimwambia Tabu, "chukua muda wako kuhama. Mpaka kesho."

Tabu alimwonyesha kwa kidole bahasha pale chini, karibu na mlango. "Mwenye nyumba mwenzetu ana barua yake. Imefika mama akiwa hai. Mtaa mzima ulishuhudia."

Bwana Ngwali aliiokota, akaifungua, akaisoma mara mbili midomo ikicheza. Kisha mtu huyu mpole, mmenyaji wa machungwa, akaenda jikoni akaitia kwenye jiko la mkaa, mbele ya wafiwa, na kuisukumia ndani kwa mwiko.

"Barua gani?" aliuliza.

Wanawake walinyanyuka. Sikumpiga mimi. Nilikuwa nimeshika mchi, hilo nakubali, lakini ni mazoea. Alitoka mbio bila viatu, na futi yake ikabaki juu ya kiti.

*

Kesi ilikwenda kwa hakimu mmoja aliyekuwa amebakiza muda mfupi kustaafu, ndiyo maana aliisikiliza. Wakili wa Serikali alisimama akasema hakuna notisi iliyofika, na kama ilifika haikusomwa, na kama ilisomwa haipo.

Hakimu aliuliza, "Bwana Ngwali, ulichoma nini?"

"Notisi, mheshimiwa."

"Ya nani?"

"Ya Serikali, mheshimiwa."

"Basi ilifika. Mtu hachomi barua ambayo hajaipata. Na Waziri mwenyewe ameiambia nchi nzima kwamba Serikali inaishi nyumba ile. Mwili ulitengana marehemu akiwa hai. Nusu ni ya binti yake."

Siku ile Machimboni tulipika. Kesho yake, nchi nzima, watu walikuwa wamesimama nje ya nyumba zao wakijibishia hodi. Bahasha ziliadimika madukani, watu wakatumia makaratasi ya sukari. Mimi sikuwa na cha kusukuma popote, yangu ilishakwenda, lakini nilizunguka kushuhudia za wenzangu hadi sauti ikakauka.

Hapo Mlezi Mkuu akaingia redioni. Alikuwa amekasirika, na akikasirika huongea polepole sana.

"Waziri wangu aliteleza. Serikali haiishi kwenye vibanda vyenu. Serikali ni mimi, na mimi naishi hapa Jumba Kuu. Sielewi kwa nini jambo dogo hivi liwasumbue watu. Pili, nimegundua chanzo cha fitina ni milango. Mlango ni dalili ya siri. Naamuru milango yote nchini ing'olewe. Nyumba isiyo na mlango haiwezi kusemwa imeletewa kitu chini ya mlango, na amri hii inaanza kufanya kazi tangu mwaka jana. Atakayemiliki mlango, au fundi atakayetengeneza mlango, kifungo cha maisha. Na ili msiseme nawaonea, nitaanza na wa kwangu."

Kwa hiyo hukumu ya Tabu ikafutika, maana notisi ya mama yake iliingia chini ya mlango ambao kwa sheria haukuwapo. Nusu zikarudi kuwa mwili mmoja, ila jina la Tabu, lililokuwa limeshaandikwa kwenye hati mahali pa mama yake, hakuna aliyekumbuka kulifuta. Vijana wa Serikali walikuja na nyundo wakang'oa milango yetu. Wa Bi. Asumini waling'oa pamoja na fremu. Tabu alisimama akawatazama, mtoto mgongoni, hakusema neno. Mimi nilisema. Nilisema maneno ambayo sitayaandika hapa, na nayarudia.

*

Mlezi Mkuu alitimiza ahadi. Mlango wa Jumba Kuu, wa mninga, wenye nakshi, uling'olewa mbele ya kamera, ukaegemezwa ukutani ili urudishwe kamera zikiondoka. Zilipoondoka, mlango nao ulikuwa umeondoka. Sisemi nani alichukua. Nasema tu kwamba Waziri Lupogo ana meza mpya ya kulia, na ina tundu la ufunguo.

Mafundi wakaitwa watengeneze mwingine. Wote walikataa kwa adabu, wakaonyesha amri. Ikabidi amri ifutwe. Lakini sheria ya nchi yetu inataka Baraza la Mawaziri likae milango ikiwa imefungwa, na hakukuwa na mlango wa kufunga. Mpaka leo wanashauriana.

Basi sisi tukaandika notisi upya. Makao ya Serikali tulikuwa tumeshatajiwa na mwenyewe, kwa redio. Tulikwenda kwa miguu, Machimboni yote, na njiani mitaa mingine ikatufuata. Getini hatukukuta mtu. Walinzi walikuwa wameajiriwa kulinda mlango, na kwa uaminifu wao walikuwa wamekwenda kuulinda huko uliko, kwa Waziri.

Tabu alitangulia. Alikuwa ameshika notisi yake kwa mikono miwili. Tulipofika penye uwazi ulipokuwa mlango, akafungua kinywa apige hodi.

Ndipo tukakisikia. Kilitoka ndani kabisa, nyuma ya mapazia. Kikohozi. Si cha kuweka sauti sawa. Kilikuwa kile cha chini ya kifua, kinachovuta na kuvuta, ambacho Machimboni tunakijua kuliko majina yetu. Ubaridi wote wa nchi ulikuwa ukiingia kwenye jumba lile, na mle ndani hapakuwa na mtu hata mmoja anayejua kutwanga.

Tuliangaliana. Nilimwona Tabu akifikiri. Notisi ikitiwa mkononi mwa Mlezi Mkuu leo, mwili unatengana, na yeye anapata nusu. Isipotiwa, linabaki lile swali la fundi baiskeli. Alitazama karatasi ile aliyoiandika usiku kucha. Akaikunja ndogo, ndogo zaidi, akaifunga kwenye pindo la kanga.

"Mama Shani," aliniambia, "mnunulie mgonjwa machungwa."

Nilinunua mfuko mzima pale pembeni ya geti. Tukaingia. Mlezi Mkuu alikuwa amelala kwenye kochi, blanketi mpaka kidevuni, macho mekundu. Tabu alikaa pembeni yake. Alimenya chungwa taratibu, akaondoa na kokwa, akampa kipande.

"Pole sana, mwenzetu," alisema.

Mlezi Mkuu alikitazama kipande kile. Alitutazama sisi, tuliojaa mpaka kwenye ngazi, kila mmoja amekunja notisi yake na kuitia mfukoni. Kisha akaona alichokitoa Tabu kwenye kikapu. Ilikuwa futi ya chuma, ile ya mafundi, aliyoiacha Bwana Ngwali.

"Jirani, nishikie ncha hii," Tabu aliniambia.

Niliishika nikaibana pembeni kabisa ya chumba, naye akarudi nyuma nayo mpaka dirishani, watu wakimpisha. Nilikuwa karibu na ukuta. Nikaugongagonga kwa kidole.

"Umeshika maji huu," nilimwambia Mlezi Mkuu. "Ungeuangalia."